Mkufu umegongwa 750: tindikali, maji au mashine?

Unyanyembe77: Wakuu, nipo Tabora mjini, nauziwa mkufu wa gramu 12 wenye muhuri wa 750. Sonara mmoja anapima kwa jiwe la kusugulia dhahabu na tindikali, mwingine anasema maji yanatosha, wa tatu anasisitiza mashine. Nimwamini nani kabla sijatoa hela?

FundiMwanga (Kigoma): 750 ni sehemu 750 za dhahabu kati ya 1000, yaani karati 18. 916 ni karati 22, 875 ni 21, 585 ni 14, 375 ni 9. Ukiona GP au HGE, hiyo ni ya kuchovya, yaani dhahabu iko juu tu, hata kama mbele yake kuna 18K. 925 ni fedha. Ila muhuri hugongwa na yeyote mwenye chuma cha kugongea, kwa hiyo pima.

Anza na maji, hayaharibu kitu. Tafuta mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Weka glasi ya maji juu yake, rudisha kwenye sifuri, kisha ning'iniza mkufu kwa uzi uzame wote bila kugusa kitako wala kuta. Namba itakayotokea ndiyo ujazo. Gramu 12 zikisoma 0.77, gawanya 12 kwa 0.77: 15.6, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Karati 18 ya njano hucheza kati ya 15 na 16, karati 14 ni kama 13. Mapovu kwenye vipingili hushusha jibu, hivyo tia tone la sabuni na utikise.

Tupa_na_Jiwe: Maji hayatenganishi karati 21 na 22, maana fedha na shaba zilizochanganywa hazina uzito sawa. Hapo jiwe linashinda. Kosa kubwa ni kusugua juu juu: mkufu wa kuchovya utafaulu. Kwaruza kwanza kwa tupa sehemu iliyofichika karibu na kishikizo, lakini mbali na palipochomelewa, kwa sababu madini ya kuchomelea huwa na karati ya chini. Sugua hapo kwenye jiwe uache mstari wa sentimita 2, na pembeni yake mstari wa sindano ya mfano (yenye ncha ya dhahabu ya 750 ya uhakika), kisha pitisha tindikali ya karati 18 juu ya yote miwili. Wa mkufu ukififia mapema, haufiki 750. Tindikali iliyokaa muda mrefu hupoteza nguvu na kufaulisha vitu vibovu, ndiyo maana sindano ni lazima. Fungua dirisha, vaa glavu.

MizaniSahihi: Mashine ya miale ya eksirei, kama zile za masoko ya madini, inatoa asilimia kwa sekunde chache, ila inasoma ngozi ya juu tu. Mwambie aielekeze pale palipokwaruzwa. Kuyeyusha kwa moto pamoja na madini ya risasi ndiko sahihi kuliko vyote, lakini kunakula kipande. Kwa mkufu mmoja haifai, kwa tofali la dhahabu ndiyo.

Unyanyembe77: Na pete ya gramu 2?

FundiMwanga: Maji achana nayo. 0.13 inakupa 15.4, 0.14 inakupa 14.3: kosa dogo la mzani linageuza jibu lote. Yenye jiwe la urembo ndiyo kabisa. Tumia tupa, jiwe la kusugulia na tindikali, upande wa ndani.