Naomba ushauri: mashine ya kufyonza moshi isiyo na bomba kwa jikoni ya ghorofani

Mpangaji wa Ntinda
Ndugu zangu, naomba msaada wenu kabla sijatoa fedha. Ninaishi ghorofa ya nne katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba haruhusu ukuta wa nje utobolewe, kwa hiyo mashine ninayoweza kufunga ni ile isiyo na bomba la kutolea hewa nje. Jikoni pana urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na dari ya mita 2.5, na hapana mlango wa kupatenga na sebule. Nikipika mukene (dagaa wa ziwani), mapazia hunuka hadi kesho yake. Jiko langu la gesi lina upana wa sentimita 60. Dukani nimeonyeshwa mashine ya sentimita 60 ambayo vichujio vyake vya mkaa huuzwa pia peke yake, na nyingine ya sentimita 50, ya bei nafuu, ambayo muuzaji anasema kichujio chake hakibadilishwi kamwe. Nichukue ipi, na hutunzwaje?

Fundi wa Jinja
Ndugu Mpangaji, hiyo ya pili iache. Mashine za aina hii zina vichujio viwili: cha wavu wa alumini kinachonasa mafuta, na cha mkaa maalumu kinachonasa harufu, kisha hewa ileile hurudishwa jikoni. Mkaa huo una vitundu vidogo mno ambavyo hujaa kadiri unavyopika, na vikishajaa, feni itanguruma tu huku harufu ikibaki palepale. Kwa anayepika kila siku, hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Upana nao usipungue ule wa jiko, kwa kuwa mvuke hutanuka unapopanda. Kuhusu nguvu, ujazo wa jikoni huzidishwa mara 10: pako ni mita za ujazo 15, hivyo kufyonza mita za ujazo 150 za hewa kwa saa ndicho kiwango cha chini, lakini kwa sababu sebule iko wazi na mkaa hupunguza kasi ya hewa, mimi ningetafuta 300 au zaidi.

Lililo zito zaidi ni kwamba mashine hii haiondoi joto, mvuke wala hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Fungua dirisha kila unapopika, na gesi ikikuishia usiku, tafadhali usiwashe sigiri ndani kwa kudhani mashine itakulinda.

Mama wa Mbale
Wavu wa alumini uloweke katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kila mwezi, au mara mbili kama unakaanga sana, na uukaushe kabisa kabla ya kuurudisha. Usitumie magadi makali ya kuzibulia mabomba, kwani huila alumini. Mafuta yakiachwa yagande, hudondokea chungu na huweza kushika moto. Mimi mwaka jana niliosha hata kichujio cha mkaa, nikalazimika kununua kingine; kama kijitabu cha mashine hakisemi kinaoshwa, usikitie maji.

Mpangaji wa Ntinda
Nashukuru sana, mama, nawe fundi. Je, naweza kukijaza mkaa wa sigiri kikichakaa? Na nifunge kwa kimo gani?

Fundi wa Jinja
Hapana, mkaa wa sigiri haukutayarishwa kunasa harufu, na vumbi lake litaingia katika mota. Juu ya jiko la gesi, acha sentimita 65 hadi 75, ila kijitabu kikitaja kimo kingine, fuata hicho. Washa feni dakika chache kabla ya kuinjika, na uiache izunguke dakika 10 hadi 15 baada ya kuzima jiko.