Mrejesho: picha ya koko (bibi yetu), tumechagua nyeusi na nyeupe

Merci sana kwa wote mulionijibu ile swali ya picha ya koko, kama tuichape ya rangi ao nyeusi na nyeupe ya kutundika salon, hapa Bukavu. Tumechapa nyeusi na nyeupe, familia yote imeipenda.

Kilichonisaidia zaidi ni yule alisema niangalie kwanza rangi inafanya kazi gani ndani ya picha. Nikaangalia: kitenge nyekundu, ukuta kijani, pembeni bashi (turubai) ya bluu, macho inaenda kwa bashi mbele ya kufika kwa uso. Lakini kutoa rangi tu hivi, kitenge na ukuta vikawa kijivu moja, koko akapotea ndani ya ukuta! Kumbe nyekundu na kijani zikiwa na mwanga sawa, ukitoa rangi hakuna tena kinachozitenganisha. Njo nikaenda kwa sehemu ya programu ya picha yenye kurekebisha mwanga wa kila rangi peke yake, nikapandisha wa nyekundu kidogo, nikashusha wa kijani na bluu, ya machungwa nikaigusa polepole sana sababu njo inabeba ngozi, ukiizidisha mtu anakuwa mweupe asiye yeye, na mi sitaki kabisa koko abadilishwe ngozi. Sasa mikunjo ya pembeni ya macho inaonekana yote.

Faili ya rangi nimeiweka, maana rangi kuitoa ni rahisi, kuirudisha njo ngumu. Shangazi anataka yake ya rangi, kile kitenge alikinunua yeye kule Kadutu, nitamchapia.