Bosi anayegeuza kila "me" kuwa "I": nimechoka jamani

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Anayetafuta upole apite tu.

Juzi nimeandika baruapepe ya kwenda kwa wafadhili: "Please send the comments to Neema and me." Bosi akataka aipitie kwanza. Ikarudi imekuwa "to Neema and I". Angeishia hapo ningemeza. Akaipiga picha sentensi yangu, akairusha kwenye kundi la ofisi: "Tujitahidi, 'me' ni lugha ya mtaani." Watu wakamiminia madole gumba. Nikanyamaza, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa sarufi.

Humu hakuna bosi, acha niseme. Mtoe Neema kwenye ile sentensi. Utaandika "send the comments to I"? Hata mtoto wa darasa la nne atakucheka. Baada ya "to" inakuja "me", iwe peke yake au na msafara mzima. Barua ya waziri ni hivyo, soga za kijiweni ni hivyo.

Najua ugonjwa ulikoanzia. Shuleni tulisema "Me and Juma went to the river" tukachapwa. Kosa lilikuwepo, maana pale "me" imekaa kwenye kiti cha mtenda. Ila hakuna aliyetueleza kiti ni nini. Tulichobeba ni woga tu: "me" ya washamba, "I" ya wasomi. Woga ukakua, ukapanda cheo, leo una ofisi yenye kiyoyozi.

Na Mswahili ndiye angeelewa upesi kuliko wote! Nani kati yetu anachanganya "anampenda"? A- anapenda, -m- anapendwa. Hiyo ndiyo "he" na "him", tunayo mdomoni tangu tunanyonya.

Kuna atakayekuja na Shakespeare, kwamba "between you and I" imo kwenye The Merchant of Venice. Imo kweli, na Waingereza wenyewe wanaisema mpaka leo. Mwenye hoja hiyo namsikiliza. Bosi wangu hakuja na Shakespeare, alikuja na kalamu nyekundu.

Halafu kuna "myself". "Contact the accountant or myself." Myself imetoka wapi wakati "I" haijatajwa popote? Mtu anaogopa "me", anaogopa "I", anakimbilia neno refu ajifiche.

Panapotaka urasmi kweli, bosi wangu hapaoni. "Who did you speak to?" inafaa kwa simu, kwenye barua nzito ungetegemea "To whom". Yeye "whom" anaimwaga hata pale mtenda anapotaka "who". Na "It is I" waachieni Biblia ya zamani ya Kiingereza. Mlinzi akiuliza nani getini, sema "It's me" ufunguliwe.

Kilichonimaliza ni tangazo la kazi. Niliandika "Each applicant must bring their certificate." Akafuta "their", akaweka "his", eti "they" ni ya wengi. Wakati waombaji wengi tunaowapata ni akina dada! Waingereza wanaitumia "they" kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, na mwongozo wa uandishi wa APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani) wa 2019, ambao vyuo vingi vinaufuata, umeikubali kwenye maandishi rasmi. Sisi wenye "kila mwombaji alete cheti chake", neno lisilouliza mwanamke wala mwanamume, ndio tunakuwa wakali kuliko wenye lugha yao?

Baruapepe iliondoka na "Neema and I" yake, chini jina langu. Ijumaa kuna ripoti ya robo mwaka, na nitakayeiandika ni mimi. Mliowahi kumsahihisha bosi ung'eng'e na bado mnakwenda kazini, mlianzia wapi?