Naomba ushauri: kikasha cha kugawa laini ya simu hakipokei namba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ofisini kwetu Chake Chake tuna laini moja ya mezani. Simu na faksi zinaigawana kupitia kikasha kinachosikiliza mlio wa faksi, ule wa hezi 1100, ndipo kiipeleke simu kwenye mashine. Kinapangwa kwa kubonyeza nyota na tarakimu kwenye simu iliyochomekwa humo. Nikibonyeza, kimya kabisa, wala hakitoi mlio wa kukubali. Nimebadilisha waya, nimekizima na kukiwasha, na swichi ya simu nimeiweka T ili kila tarakimu itoe mlio wake, badala ya mipigo ya kukatakata laini kama simu za zamani. Faksi za watu zinapotea, na hilo linaniumiza sana. Je, nikipange nikiwa nimechomoa laini ya nje? Au nijaribu simu nyengine yenye milio mikubwa zaidi?