Naomba ushauri: tunataka kukesha kwenye magofu ya Dunga

Assalaam alaykum ndugu zangu, naombeni ushauri.

Mimi na binamu yangu tunataka kukesha usiku mmoja kwenye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu (mtawala wa jadi wa kisiwa enzi hizo), Dunga, Unguja, tusikie wenyewe yanayosemwa. Husimuliwa kwamba lilipojengwa, katikati ya karne ya 19, damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa, na mwaka 1914 kisima cha karibu kilikutwa na mifupa ya watu. Hiyo ya damu sina ushahidi nayo. Ila mifupa inanitia huzuni, ndiyo maana sitaki twende kimchezo.

Sheha tumeshamwona, hana pingamizi, lakini anataka kibali cha maandishi, na huko ofisini tunazungushwa wiki ya tatu sasa. Juzi tulikaa kando ya barabara hadi baada ya isha tukirekodi kwa simu: inasikika sauti kama ya mtoto analia. Binamu anaapa ni kizuka. Mimi nadhani ni komba, yule mnyama mdogo wa usiku.

Mliowahi kukesha mahali pa kale, kibali cha usiku mlikiombaje mkapewa? Na kilio cha komba mnakitambuaje kwenye rekodi?