Mnaofanya CNA (wasaidizi wa manesi wenye cheti) Marekani, wazee mnawahudumiaje vizuri watu wakiwa pungufu?

ZamuYaUsiku: Wakuu habari zenu. Nafanya CNA usiku kwenye nasingi homu (nyumba ya kutunzia wazee) moja huku Marekani. Shida ni watu, mmoja akipiga simu haji basi floo nzima mnabaki wawili, kengele zinalia kila upande, na kuna bibi hawezi kujigeuza inabidi ageuzwe kila masaa mawili ila ukishikwa chumba kingine muda unapita tu, sasa karibu na makalio pameanza wekundu. Inaniuma sana. Niseme wapi nisikilizwe?

binti_pwani: Pole dada. Leoleo mwambie nesi wa zamu na ahakikishe kaandika, maana pakibonyezwa pakabaki pekundu vilevile hapo kidonda kishaanza. Na msimburute kwenye shuka, mnyanyueni wawili, visigino wekeeni mto chini ya miguu vikae hewani.

Mdau wa Houston: Yote sawa ila mto hauzibi pengo la mtu. 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya masaa 3.48 ya huduma kwa kila mkazi kwa siku, 2025 mahakama huku Texas ikaifuta, kwa hiyo sheria ya shirikisho inataka wahudumu "wa kutosha" tu, na kutosha kila mwenye nasingi homu anajipimia mwenyewe! California wao wana sheria yao, masaa 3.5. Angalia jimbo lako linasemaje. Kila jimbo pia lina ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi wa nasingi homu, ni bure, anapokea malalamiko hata ya mfanyakazi.

mama_T: Waambieni na ndugu za wazee waingie Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) ya kulinganisha nasingi homu, idadi ya wahudumu ipo mpaka ya wikiendi, na wikiendi ndo kunakuwa kweupe, wahudumu hakuna. Kingine, ombeni kila CNA apewe wazee walewale. Kwetu tulikubaliwa, nikimwona babu hajamaliza uji najua kuna kitu, mgeni wa zamu moja atajuaje?

ZamuYaUsiku: Asanteni jamani. Nesi nishamwambia kaandika. Hilo la wazee walewale nalipeleka kwa meneja, ila huyo ombudsmani, jina langu litafika kazini?

Mdau wa Houston: Halitoki bila ruhusa yako, labda mahakama iamuru, sheria inamzuia. Mwambie tangu mwanzo hutaki litajwe.