Mabaharia wa ofisini, kusi kali, na mashindano mwezi ujao: nisaidieni

Mwana_Langoni
Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri kabla sijaaibika mbele ya mtaa mzima. Ofisini tumejiingiza kwenye mashindano ya mashua, ya kirafiki tu, tunaanzia mbele ya mji wa Lamu tunapanda hadi karibu na Ras Kitau, tunazunguka boya tunarudi. Mashua ni ya ami yangu, futi 22, ya Matondoni, haivuji sana. Shida ni watu. Tuko 7, mimi nimekulia majini ila tuseme ukweli nilikuwa mtu wa kufua maji, kana ya usukani nimeanza kushika majuzi tu. Mmoja ni mvuvi wa zamani, sasa ni askari wa getini. Watano waliobaki ni makarani na watu wa stoo, wawili kati yao ni wa bara, bahari walikuwa wanaionea kwa TV.

Jumapili tukatoka mazoezi. Huku mjini tunapiga bisho taratibu, mshazari mshazari dhidi ya upepo, watu wanajipiga picha, raha tupu. Tulipoipita Shela tukatoka kwenye ule mlango wa bahari kusi, ule upepo wa kusini, likatushukia, mashua ikalala mpaka maji yakaanza kumwagikia ndani. Nikapiga kelele LEGEZA DEMANI! Sasa sikieni. Yule kijana aliyeshika demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, alikuwa ameizungusha kwenye mtwana, ile boriti iliyokingama ndani ya mashua, mara tatu na kuipiga fundo kwa sababu eti inamchoma mikono. Halafu asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha kuwa upande wa juu ya upepo ni joshini na upande wa chini ni demani. Kwa hiyo kusikia demani akadhani namwambia aende upande wa demani, akakimbia akaenda, na wenzake wawili wakamfuata! Watu watatu wazima upande unaozama. Yule askari wetu akatoa kisu akakata kamba, tanga likapepea mashua ikainuka. Kamba ilikuwa mpya, ami bado hajaambiwa.

Maswali: siku yenyewe kukiwa na upepo kama ule nitweke tanga kubwa au dogo? Nani akae wapi? Ama nijitoe mapema nisingizie homa?

Farumi_Tele
😂😂 pole kaka, nimecheka mpaka chai imemwagika. Usijitoe. Tanga dogo, na ulifunge kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ukiwa bado ufukweni, maana hili tanga letu halipunguziki ukiwa katikati ya mawimbi na watu wasiojua. Watu hawaelewi hesabu ya upepo, kutoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40 wanaona umeongezeka mara 2, lakini nguvu inayosukuma tanga inaongezeka mara 4, na mabaharia wako ni walewale 7 hawajaongezeka. Viroba vya mchanga bebeni ila jameni msivifunge, mkipinduka vimwagike mashua ibaki inaelea. Na kila mkigeuza kuna watu wawili kazi yao ni kuvihamisha kwenda joshini tu, wasiguse kitu kingine, wasipige picha.

Shela_Boy
Tanga dogo utamaliza wa mwisho na watoto wa ufukweni watakuimba mwaka mzima. Weka kubwa, toa ule ubao wa kukalia nje upande wa joshi, kalisha watu watatu wanene mwishoni, mbona sisi tunafanya hivyo kila siku.

Farumi_Tele
@Shela_Boy nyinyi mmekaa kwenye huo ubao tangu mna miaka 8. Upepo ukikatika ghafla na karani amekaa huko nje hajui kurudi ndani haraka, mnapinduka upande wa pili, kwenye joshi. Nimeona kwa macho.

Shela_Boy
Haya hapo umenishika. Basi wanene wakae kwenye ukingo tu. Lakini kurudi na upepo nyuma ukiwa na kitanga kile utapitwa hata na mtumbwi 😅

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu nimesoma. Hao vijana hawana makosa, makosa ni yako wewe uliyewapa neno moya lenye kazi mbili siku ya kwanza. Sisi tumezaliwa tukisikia, demani ya kamba na demani ya upande hatuchanganyi. Mgeni atajuaje? Kwa watu hao sema "kamba" na "yuu", basi. Maneno matatu au manne yanatosha: legeza, vuta, njooni yuu, fua mai. Tena kila mtu alirudishe neno kwa sauti ndipo afanye, ujue amesikia, maana kwenye upepo sauti yako inachukuliwa.

La pili, demani haifungwi. Izungushwe mara moya kwenye mtwana ipunguze uzito, ncha ibaki mkononi, na aishike yule mvuvi wako, si kijana. Wewe na yeye muwe karibu hapo tezi, nyuma ya chombo, mzungumze bila kupiga kelele. Mikono ikimchoma apokelewe.

La tatu hamkuliuliza. Mulitoka saa ngapi, mai yakijaa au yakipwa? Nadhani yalikuwa yakipwa. Mkondo ukitoka nje na kusi linaingia, vinakutana hapo mlangoni na wimbi linasimama wima, fupi fupi, hata upepo usipokuwa mkali sana. Mai yakijaa, mkondo na upepo vyaenda pamoya, pametulia. Bamvua, mai makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo mbaya zaidi. Angalia siku ya mashindano iko wapi kwenye mwezi, kisha uamue kama mwaenda mpaka boyani.

Na kugeuza, upepo ukiwa mkali musigeuze kwa omo, yaani kwa mbele ya chombo. Wageni wakichelewa na foromali, tanga labandika mlingotini, chombo charudi kinyumenyume. Geukeni kwa tezi, demani iwatwe tanga lipepee mbele, foromali isimamishwe ihamishwe, ndipo muvute. Mutapoteza masafa, si kitu. Fanyeni mara ishirini hapo mbele ya mji penye shwari.

Bint_Mkomani
Jaketi za kuelea mbona hamna anayetaja? Kila mtu avae, si ziwekwe ngamani huko chini ya mashua. Na mkipinduka mshike mashua, asiogelee mtu kwenda kisiwa cha Manda hata akione kiko karibu vipi. Kwenye mashindano ya Fastnet ya 1979 huko Uingereza dhoruba iliua mabaharia 15, na mashua 24 wenyewe waliziacha baharini. Kati ya hizo zilizozama ni 5. Nyingine zilikutwa baadaye zinaelea zenyewe hazina watu.

Mwana_Langoni
Shukran sana. Ami mstaafu umepiga palepale, yalikuwa yanakupwa na ilikuwa bamvua, nimeangalia kalenda sasa hivi. Leo jioni tumefanya kugeuza kwa tezi mara 14, ya 15 mmoja wa bara akatapika tukarudi. Yule aliyekimbilia demani nimempa upo wa kufulia maji na ameniambia ndiyo kazi aliyokuwa anaitaka tangu mwanzo. Tanga dogo ninalo lakini lina tundu la panya ukubwa wa kiganja, nani anamjua fundi wa matanga anayemaliza kazi kabla ya Ijumaa? Na kamba ya demani ya futi 22 inauzwa wapi, rangi ileile nyeupe, kabla ami hajarudi kutoka Faza.

Shela_Boy
Kamba ninayo. Ila ni ya buluu 😂